Odijo na Bibi Yake Wanataka Kuuza Ng'ombe Waende Thailand Kufunza Kizungu. Wacha Tuongee Ukweli

Kama umepita steji ya Kitale hivi majuzi, pale magari ya Kiminini na Webuye hupakia, umeziona. Posta zimebandikwa kwa nguzo za stima, zingine juu ya zingine. Walimu wa English wanatakikana Asia. Shule za serikali. Nyumba ya bure. Halafu chini kwa herufi kubwa: MABIBI NA MABWANA WANAKARIBISHWA, MUENDE PAMOJA. Namba ya simu iko. Jina la ofisi hakuna, mtaa hakuna.

Binamu yangu alipiga picha moja akanirushia WhatsApp na emoji ya ndege. Nikadhani ni jokes. Dakika mbili baadaye akapiga simu, na nikajua huyu msee hachezi.

Story yake ni hii. Yeye ni odijo wa JSS upande wa Kiminini, intern, alichukuliwa Januari 2025. Ana diploma, masomo yake ni Kiswahili na CRE. Bibi yake anafunza sekondari upande wa Bungoma, yeye ana digrii, English na Literature, namba ya TSC anayo, lakini analipwa na bodi ya shule. Elfu nane kwa mwezi, na hiyo ni mwezi ambayo wazazi wamelipa fee. Yeye analala Bungoma, bwana analala Kiminini, mtoto wa miaka mitatu analala Chwele kwa kukhu. Wanaonana wikendi, na si kila wikendi, juu fare nayo inakula.

Sasa ajenti amewaambia Thailand. Shule ya serikali, wote wawili darasani, nyumba moja, viza moja. Bei ni 180,000 kila mtu, lakini kwa sababu ni mtu na bibi yake wanapewa ofa, 300,000 wote. Kukhu ana ng'ombe mmoja wa gredi na robo ekari. Unaona mahali hii inaelekea.

Binamu aliniuliza mimi kwa sababu, kwa maneno yake, "wewe ndiye unaishi kwa intaneti." Nilitoka chuo mwaka wa pili, so msinione kama profesa. Lakini kusoma fine print naweza, na nimekaa na hii kitu wiki mbili.

Kwanza tusiwacheke. Kuna watu wakisikia odijo anataka kuenda Bangkok wanasema ni tamaa. Tamaa gani? Piga hesabu. Intern wa JSS analipwa 20,000. Toa NSSF asilimia 6, hiyo ni 1,200. Toa SHIF, 550. Toa housing levy, 300. Anabaki na 17,950, na hapo hajanunua hata chaki, maana kuna shule chaki ni ya mwalimu. Intern wa primary ni 15,000 kabla ya kukatwa.

Na si kwamba watu hawakupiga kelele. Aprili 2024 korti ya leba ilisema TSC haina mamlaka ya kuajiri maintern, na mtu aliyesomea ualimu na akasajiliwa hafai kuitwa intern. Mwezi uliofuata maodijo wa JSS wakajaa barabarani. Mwishowe karibu 46,000 wakapewa permanent Januari 2025. Poa sana. Lakini mlango huo huo ulipofunguliwa hao wakaingia, maintern wapya 20,000 wakaletwa kujaza viti vyao. Binamu yangu ni mmoja wa hao. Yaani aliingia kwa mchezo wakati refa ashapuliza.

Nyuma yake kuna foleni ya walimu zaidi ya 300,000 ambao wamesajiliwa na hawana kazi ya TSC. Na kwa hiyo foleni, mtu wa English na Literature kama shemeji yangu anaona giza zaidi. Senior school ya CBC inaanza na Grade 10 mwaka wa 2026, na serikali imesema inataka karibu asilimia 60 ya wanafunzi waende STEM. Nafasi zikitangazwa, maths na physics ndio husukumwa mbele. English ni somo la lazima, ndio, lakini wenye wanalifunza wamejaa kama nyanya Chepkube siku ya soko.

Halafu kuna hii ya kuishi mbali mbali. Wakenya wanajua delocalisation. TSC iliianza 2018, walimu wakatupwa kaunti za mbali, ndoa zikavunjika, wengine wakapata pressure. Serikali ya sasa ikaimaliza kwa sababu ilikuwa imeahidi hivyo kwa kampeni. Lakini hiyo ilikuwa ya walimu wa TSC. Mwalimu wa bodi na intern hawana transfer ya kuomba. Hakuna fomu ya kusema "mimi na bibi yangu tunataka kulala nyumba moja." So posta ikisema muende pamoja, haiuzi Thailand. Inauza kitanda kimoja. Mtu mwenye aliandika hiyo posta si mjinga hata kidogo.

Sasa twende kwa nchi zenyewe, maana huko ndio mambo yanachemka.

Hii idea ya mtu na bibi yake kufunza English kwa shule za serikali huko Asia ni ya ukweli, haijatungwa. Korea Kusini ina programu ya serikali inaitwa EPIK, na inachukua watu wawili waliooana, inawapa nyumba moja. Ukiona video za YouTube za wazungu wawili wakionyesha keja yao Busan, mara nyingi ndio hiyo. Shida ni moja: viza yao ya kufunza English, E-2, ni ya raia wa nchi saba. Marekani, Uingereza, Kanada, Ireland, Australia, New Zealand na Afrika Kusini. Kenya haiko. Haijalishi umesoma English tangu nursery, haijalishi ulipata A ya KCSE, haijalishi unaota kwa Kizungu. Pasipoti yako ndio inafanya mtihani, na imefeli kabla haijakaa chini.

China ni hadithi karibu hiyo hiyo. Sheria zao zinataka mwalimu wa English awe wa nchi ambayo Kizungu ndio lugha ya mama, na orodha wanayotumia ni hizo hizo saba. Wakenya wamefunza huko, si siri, wengi wakiwa na viza ya student. Halafu Julai 2021 serikali ya China ikafinya biashara ya tuition, na nafasi nyingi za pembeni zikapotea. Kwa hivyo ukisikia mtu akisema "China nilikuwa napiga doo kufunza watoto," muulize mwaka gani na viza gani.

Thailand sasa. Hapa ajenti ana nusu ya ukweli, na nusu ya ukweli ndio huuza vizuri. Thailand haijafungia Mkenya. Inakubali mwalimu ambaye hatoki hizo nchi saba, bora apite mtihani wa English kama IELTS au TOEIC, awe na digrii, na awe na cheti safi cha polisi. Shule ndio inakuombea kibali kwa baraza lao la walimu, na unaingia na viza ya kazi, ile ya Non-B. Walimu Wafilipino wako huko maelfu, Waafrika pia wako. Mshahara wa mtu asiye wa zile nchi saba kwa shule za kawaida huwa chini ya wa mzungu, kitu kama baht 20,000 hivi kwa wengi. Baht moja ni kama bob nne. Hiyo ni 80,000.

Soma tena. Elfu themanini. Kwa mtu wa elfu nane. Ndio maana siwezi kumwambia shemeji akae Bungoma anywe chai.

Lakini umeona hilo neno digrii? Shemeji anayo. Binamu hana. Ana diploma. Na hata hiyo diploma ni ya Kiswahili na CRE, lakini ajenti alimwambia hakuna shida, Mkenya yeyote anaongea English. Nilipomuuliza kuhusu digrii akanyamaza kidogo, halafu akasema ajenti atapanga. Atapanga aje? "Kuna certificate atatoa."

Hapo nilisimama. Nilikuwa nakula mandazi, nikaiweka chini.

Buda, hiyo si kupanga. Hiyo ni karatasi feki, na jina kwa hiyo karatasi ni lako, si la ajenti. Hata hapa nyumbani moto umewaka. Mapema 2024 tume ya utumishi wa umma ilitangaza imepata zaidi ya watu 2,000 kwa ofisi za serikali wakiwa na vyeti feki, na EACC imekuwa ikiwadai warudishe mishahara yote waliyokula. Sasa fikiria umeshikwa na hiyo karatasi Thailand, lugha huelewi, wakili huna, na bibi yako ako darasa la pili anafunza ABC. Na ukirudi, TSC wanaweza kufuta jina lako. Hata hiyo 17,950 imeenda.

Bila hiyo karatasi, sheria inamwacha binamu na njia moja, kuenda kama bwana wa mwalimu. Viza ya familia. Na viza ya familia haikupi ruhusa ya kufanya kazi. Atapika, atapeleka bibi shule, atasubiri. Nilimwambia hivyo kwa simu. Kimya. Kwa upande wetu, mwanaume kufuata bibi ndio tusi lenyewe, hata kama hakuna mtu atasema kwa mdomo. Lakini angalia fomu ya ajenti: yeye ndiye ameandikwa mwombaji mkuu, na shemeji ameandikwa mwandamani. Mwenye digrii, mwenye miaka minne darasani, mwenye English na Literature, ndiye ameandikwa kama mzigo. Hiyo fomu peke yake inakuonyesha huyu ajenti hajawahi kupeleka mwalimu popote. Mtu wa kazi angeanza na yeye.

Na kuna kitu kibaya kuliko kukosa kazi. Mwisho wa 2022 wizara ya mambo ya nje ilitoa onyo baada ya Wakenya kuokolewa Myanmar. Walikuwa wameahidiwa kazi Thailand. Wakafika Bangkok, wakaingizwa kwa gari, wakavushwa mpaka, wakajipata kwa majengo yenye ukuta na bunduki wakilazimishwa kuibia watu mtandaoni. Mapema 2025 tena makumi ya Wakenya walitolewa kwa hizo kambi za karibu na Myawaddy, wakakwama mpakani wakingoja kusafirishwa. Hao hawakuwa watu wajinga. Wengi ni vijana wamesoma, Kizungu safi, kompyuta wanajua. Kizungu ndicho kilikuwa kinatafutwa. Kwa hivyo profile ya shemeji yangu, ile yenye shule ya ukweli ingeitaka, ndio hiyo hiyo wale wengine wanaitaka.

Sisemi hii posta ya Kitale ni ya hao. Sijui, na ndio shida yenyewe. Ukiambiwa shule haina jina mpaka ufike, ukiambiwa uende na viza ya mtalii halafu "tutabadilisha huko," ukiambiwa dereva atakuchukua airport akupeleke upande wa Mae Sot na hujaona kontrakti yenye muhuri wa shule, hapo usiulize swali lingine. Ondoka.

Watu wa North Rift hawahitaji kuelezwa hii kwa picha. Eldoret ni mwendo wa matatu moja kutoka Kitale, na tuliona ile ya Finland na Kanada. Wazazi waliuza mashamba, wakalipa kupitia mpango wa kaunti yenyewe, ofisi yenye bendera mlangoni. 2023 wakaandamana barabarani, watoto hawajaenda, wengine waliokuwa wamefika wanatishiwa kufukuzwa kwa sababu fee haijalipwa. Kesi ya shilingi bilioni 1.1 ikaingia kortini. Na hiyo ilikuwa kaunti. Hapa tunaongea namba ya simu kwa nguzo ya stima.

Kwa rekodi, ajenti wa kazi za nje anafaa kuwa amesajiliwa na National Employment Authority, na orodha iko kwa website yao, ya bure. Nilitafuta hilo jina alilopewa binamu. Halikuwa hapo. Nikabadilisha spelling mara tatu. Bado.

Sawa, na mbona tusiangalie nchi zingine?

Uingereza kwanza, maana kila mtu ana cousin Uingereza. Februari 2023 walifungua mlango kwa walimu wa nje kupata cheti chao cha QTS bila kusoma upya, wakataja nchi tisa mpya. Nigeria iko. Ghana iko. Zimbabwe iko. Afrika Kusini, India, Jamaika, Singapore, Hong Kong, Ukraine, zote ziko. Kenya haiko. Mimi hii iliniuma kiasi, sitadanganya. Tulitawaliwa na hao wasee miaka yote hiyo, tunafanya mitihani kwa lugha yao, na orodha imetupita. Na hata kwa nyingi ya hizo tisa, wanaotakikana ni wa maths, sayansi na lugha za kigeni. English na Literature haingesaidia.

Marekani ndio imebeba maodijo Wakenya wa ukweli. Viza ni ile ya J-1 ya walimu. Inataka digrii, inataka angalau miaka miwili ya kufunza, na mdhamini ni kampuni au shirika ambalo limeidhinishwa na wizara yao ya mambo ya nje, orodha pia iko wazi. Unaenda miaka mitatu, inaweza kuongezwa hadi mitano, halafu unarudi. Shule zinazolia sana ni za mashambani, na zinalilia walimu wa special needs, maths na sayansi kuliko English. Lakini sikiza hii sehemu: bwana au bibi ya mwenye J-1 anapata J-2, na J-2 anaweza kuomba kibali cha kufanya kazi yoyote halali. Yaani hii ndio nchi ambapo kumfuata bibi hakumaanishi kukaa nyumbani. Binamu angeendesha forklift, angelipwa. Na mtoto anaingia kwa J-2 pia, hatabaki Chwele.

Ni rahisi? Hapana. Ada za wadhamini ni maelfu ya dola, na usiwahi kudhani mtu amekuonea huruma. Na ile njia nyingine ya H-1B ambayo shule zingine zilikuwa zinatumia, Trump alisaini Septemba 2025 kwamba ombi jipya ni dola 100,000. Shule ya serikali ya kijijini gani italipa hiyo kwa sababu ya odijo mmoja kutoka Bungoma? Lakini J-1 si H-1B. Ajenti wengi wanazichanganya makusudi.

Sasa karibu na nyumbani, maana tunaangalia mbali sana mpaka shingo inauma. Rwanda iliamua 2008 kubadilisha masomo kutoka Kifaransa kuenda English, na tangu hapo imekuwa ikitafuta walimu. Oktoba 2022 ilipokea walimu zaidi ya 150 kutoka Zimbabwe. Hao hawakuona posta kwa nguzo. Serikali mbili ziliandikiana mkataba, walimu wakafanyiwa intavyu, wakaenda. Mkenya anaingia Rwanda na kitambulisho tu, bila pasipoti. Nauliza tu, serikali ambayo inazunguka kaunti na Kazi Majuu ikitafutia watu kazi za hoteli na udereva, mbona walimu 300,000 hawana mkataba kama ule wa Zimbabwe? Zimbabwe! Wenzetu walio na shida zao zote, lakini hiyo waliweza.

Halafu Uganda. Hii nilimwambia binamu akacheka, lakini mimi sikuwa nacheka. Ako na diploma ya Kiswahili. Mtaala wa sekondari wa Uganda wa 2020 uliweka Kiswahili kuwa lazima kwa madarasa ya kwanza mawili, na Julai 2022 baraza la mawaziri likakubali Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifunzwe kwa lazima. Walimu wake ni wachache. Kutoka Bungoma, Malaba na Lwakhakha ziko karibu kuliko Nakuru. Kutoka Kitale, Suam ni pale juu. Yeye mwenyewe, na hiyo diploma ambayo ajenti anataka kuizika chini ya karatasi feki, ni bidhaa ng'ambo ya mto.

Shida ni doo. Serikali ya Uganda iliongezea walimu wa sayansi wenye digrii mpaka shilingi milioni 4 za Uganda 2022, na wale wa arts wakaachwa karibu na milioni moja. Juni 2025 wa arts wakagoma. Milioni moja ya Uganda ni kama 36,000 zetu, na hiyo ni kwa mtu wa serikali, Mkenya mara nyingi ataishia shule ya private ambayo inalipa chini ya hapo. Kwa hivyo sitamwambia mtu Mbale ni Dubai. Lakini hata nusu ya hiyo 36,000 ni ile ile 17,950, na hakuna ng'ombe imeuzwa.

Kuna kitu kimoja kimebaki, na hii ndio wengi wenu mnaosoma mtaikimbia. Cheti cha ndoa.

Binamu na shemeji wameishi pamoja miaka mitano. Harusi hakuna. Alipeleka ng'ombe wawili kwa wazee, salio bado, watu wakala, wakanywa, kila mtu anamwita shemeji. Kwa kijiji hiyo ni ndoa. Kwa ubalozi wowote, hiyo ni watu wawili wanaofahamiana. Hakuna EPIK, hakuna J-2, hakuna viza ya familia ya Thailand bila karatasi. Na hata hapa nyumbani Supreme Court ilisema Januari 2023 kwamba kuishi pamoja miaka mingi hakukufanyi bibi na bwana hivi hivi.

Kitu wasee hawajui ni kwamba sheria ya ndoa ya 2014 inasajili ndoa ya kimila. Na inasema mahali mahari inahitajika, ikilipwa hata sehemu ya kuonyesha nia, inatosha. Si lazima umalize ng'ombe wote. Wale wawili wanahesabika. Mnaenda wote wawili kwa msajili wa ndoa, mnaeleza mila ilifanyika, mnapewa cheti. Ukipenda ndoa ya serikali, ni notisi ya siku 21 halafu mnasaini. Ajenti wao alikuwa ameweka "marriage certificate" kwa bei, 25,000, na hakuwa anaongelea msajili.

Tulikutana Bungoma Jumamosi iliyopita, kwa kibanda kimoja cha ugali na samaki. Binamu alikuja amekasirika kidogo, nadhani alikuwa ameongea na ajenti njiani. Shemeji ndiye alichukua kalamu. Akageuza risiti ya kibanda, akaanza kuandika. Pasipoti ya kurasa 34, 7,500 na kidogo, Eldoret. Good conduct, 1,050. Mtihani wa English, atauliza bei. Msajili wa ndoa. Barua ya mwalimu mkuu kuonyesha miaka minne. Alipiga mstari.

"Hii yote haifiki hata tairi ya ng'ombe," akasema. Binamu akamwambia ng'ombe haina tairi. Tukacheka, na ndio mara ya kwanza nilimwona akilegeza mabega.

Halafu akauliza, polepole, akiangalia samaki, "Na mimi?"

Shemeji hakumjibu haraka. Alisema ataandikia shule tatu za Thailand mwenyewe, kwa email zao zenyewe, na mdhamini mmoja wa J-1, aone nani atajibu. Akasema binamu avuke Lwakhakha siku moja ya likizo, aulize shule mbili bei ya mwalimu wa Kiswahili, si lazima akubali. Akasema digrii inaweza kusomwa Agosti na Desemba shule zikifungwa, ng'ombe wa kukhu akitoa maziwa. Binamu hakusema ndio. Hakusema hapana pia. Alilipia samaki, na hiyo kwa familia yetu ni kitu.

Ajenti alikuwa amewaambia ofa ya couple inaisha Ijumaa, baada ya hapo kiti kinaenda kwa wengine. Ijumaa ikapita, binamu akamwacha na tick mbili za bluu. Jumatatu asubuhi message ikaingia: ofa imeongezwa mpaka Ijumaa ijayo, na bei imeshuka na thao hamsini.